Kufika Tanga kwa Mkataba wa Miezi Michache: Mwongozo Kamili kwa Mgeni Kutoka Nje ya Nchi

Kosa ni lilelile. Mtu anavuka mpaka wa Horohoro Ijumaa, Jumamosi dalali anamzungusha, Jumapili ameshalipa kodi ya miezi sita Raskazone kwa sababu ameiona bahari. Jumatatu mwajiri anamwambia mambo mawili: kibali hakijatoka, na kituo chake cha kazi ni Pongwe, upande wa pili kabisa wa jiji. Kodi hairudi, na mwenye nyumba hana kosa.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Ana pasipoti ya Kenya, Uganda, Burundi au ya mbali zaidi, anakuja kufanya kazi au kujitolea kwa miezi mitatu hadi mwaka, na siku za mapumziko anataka kuiona Pangani na kupanda Lushoto. Kiswahili anakijua. Kinachomwangusha ni mfuatano. Fuata hatua kama zilivyopangwa. Wanaoanza na ya tano ndio wanaoniandikia baadaye kuomba msaada.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufunga begi

- Pasipoti ambayo haitaisha muda ukiwa bado kwenye mkataba, yenye kurasa tupu za kutosha.
- Mkataba wa kazi au barua ya mwaliko, yenye sahihi na mhuri. Picha ya karatasi kwenye simu haitoshi.
- Vyeti vya masomo na nakala zake zilizothibitishwa. Kama vimeandikwa kwa lugha nyingine mbali na Kiswahili au Kiingereza, vitafsiriwe kwenu kabla ya safari.
- Picha ndogo za pasipoti, nyingi kuliko unavyodhani utahitaji.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Huulizwa mpakani, na kutafuta chanjo ukiwa kwenye foleni ni adhabu.
- Pesa ya kujikimu miezi miwili, mbali na kodi ya nyumba. Mshahara wa kwanza mara nyingi huchelewa.
- Simu ya laini mbili, isiyofungwa kwa mtandao mmoja.
- Neti ya mbu, tochi na kufuli lako mwenyewe.

## Hatua ya 1: Tafuta vibali ukiwa bado kwenu

Vibali ni viwili na ofisi ni mbili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kusimamia ajira za wageni. Kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Anayeomba kibali cha kazi ni mwajiri, si wewe. Kazi yako ni kumpa nyaraka mapema, kisha kumuuliza kila wiki yamefikia wapi. Uliza bila kuona haya. Ofisi nyingi huanza kukimbizana na kibali siku mgeni anapotua, na hapo ndipo mgeni anapokaa mwezi mzima akila akiba yake.

Kibali cha ukaazi kina madaraja. Daraja A ni la wawekezaji na wanaojiajiri, B ni la walioajiriwa, na C linawachukua wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Hao wa mwisho ndio wanaoteleza zaidi. Mtu anajiambia kwamba kwa kuwa halipwi, pasi ya matembezi inamtosha. Haimtoshi. Kufundisha watoto shuleni au kusaidia zahanati bure nako kunataka kibali.

Ndugu zetu wa Afrika Mashariki, hili linawahusu ninyi hasa: kuingia bila viza ni ruhusa ya kutembea, si ruhusa ya kushika kazi.

Onyo: usije na mpango wa kufungua kibanda huku unasubiri kibali. Amri ya Julai 2025 imewafungia wasio raia aina 15 za biashara, zikiwemo rejareja, uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni isiyo ya hoteli au ya utalii, udalali na kuongoza watalii. Faini haipungui shilingi milioni 10. Raia anayemwazima mgeni jina lake ili biashara iende, naye ana adhabu yake.

Hatua imekamilika pale unapokuwa na nakala ya kibali, na jina lililoandikwa humo linalingana na la pasipoti herufi kwa herufi. Kosa la herufi moja lirekebishwe sasa. Ukifika benki nalo, utarudishwa.

## Hatua ya 2: Vuka mpaka bila haraka

Anayetoka Mombasa hupita Lunga Lunga na Horohoro. Ni kituo cha pamoja: ukiingia Tanzania, maofisa wa nchi zote mbili unawakuta upande wa Horohoro. Urahisi huo ndio unaowaponza watu. Mtu anagongwa mhuri mmoja, anasikia konda anapiga kelele nje, anakimbilia basi. Hakikisha una mhuri wa kutoka na mhuri wa kuingia. Basi likikuacha kuna jingine. Mhuri ukikosekana utalieleza jambo hilo kila ofisi utakayoingia.

Ukiwa bado dirishani, soma ulichoandikiwa. Siku alizokupa ofisa ndizo siku zako, hata kama rafiki yako alipewa zaidi. Weka tarehe ya mwisho kwenye simu, na kengele ya wiki mbili kabla yake.

Ukiulizwa unakwenda kufanya nini, sema kweli na uonyeshe karatasi. Anayesema "natembea tu" kisha akakutwa na mkataba mfukoni amejichimbia shimo mwenyewe.

Pesa badilisha benki au kwenye duka la kubadilishia fedha, si kwa vijana wa kando ya barabara. Shilingi moja ya Kenya hucheza karibu na 20 za Tanzania, na noti kubwa kabisa hapa ni ya 10,000, kwa hiyo utapewa bunda. Wageni hupotelea kwenye sifuri hizo. Hesabu mbele ya mhudumu, polepole. Kumbuka pia kwamba tangu Machi 2025 bei za ndani ya nchi zinatakiwa kutajwa na kulipwa kwa shilingi. Mwenye nyumba akikudai dola, una haki ya kukataa kwa upole.

## Hatua ya 3: Lala gesti wiki ya kwanza

Mabasi mengi huishia Stendi ya Kange, nje kidogo ya katikati ya jiji. Kutoka hapo kuna daladala na bajaji. Patana bei ya bajaji kabla hujakaa, si ukishashuka na mabegi.

Wiki hiyo usipange chumba, hata ukikipenda vipi. Ifanyie kazi mbili.

Ya kwanza ni kwenda kazini na kurudi kwa saa zilezile utakazokuwa ukienda. Safari ya Pongwe saa nne asubuhi si sawa na ile ya saa kumi na mbili na nusu, na daladala hupungua usiku.

Ya pili ni kuutembea mji mchana, kisha baada ya magharibi. Ngamiani barabara zake zina namba, ndiyo maana utasikia mtu anaelekezwa "Barabara ya 9" kama anatajiwa jina la babu. Kuna soko, misikiti, kelele, na kila unachotaka kiko hatua chache. Chumbageni ni karibu na ofisi. Raskazone na Sahare kuna upepo na bei za watu wenye upepo. Makorora, Mabawa na Mikanjuni ndiko vyumba vya kawaida vilipo, na kwa mkataba mfupi ningekushauri uanzie huko.

## Hatua ya 4: Laini ya simu na pesa

Nenda kwenye duka la kampuni yenyewe ukiwa na pasipoti. Watakusajili kwa alama za vidole. Mawakala wa barabarani watakupa laini haraka zaidi, na wakati mwingine ni laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Siku mwenyewe akiifunga, pesa yako iko ndani.

Ukimaliza, piga \*106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, rudi dukani hapohapo.

Kisha fungua akaunti ya pesa kwenye laini hiyo. Karibu kila kitu utakilipia humo: umeme, maji, nauli ya basi, duka la Mangi (mwenye duka la mtaani) kwa lipa namba, yaani namba ya malipo ya duka. Mjaribishe mwenzako akutumie shilingi elfu moja. Jina likitokea kwenye simu yake kama lilivyo kwenye pasipoti, umemaliza. Benki isubiri hadi kibali cha ukaazi kiwe mkononi. Watakiomba, pamoja na barua ya mwajiri.

## Hatua ya 5: Panga chumba

Sasa mtafute dalali. Mila ya mjini ni kwamba dalali hupewa kodi ya mwezi mmoja chumba kikipatikana, na wengine huomba kitu kidogo cha kukuzungusha. Patana yote hayo kabla hujainua mguu, na usimlipe dalali kodi ya mwenye nyumba. Kodi huenda mkononi mwa mwenye nyumba, na risiti inarudi mkononi mwako.

Wenye nyumba hutaka miezi mitatu, sita au mwaka mbele. Mgeni wa miezi minane aombe mitatu mitatu. Wengine watakataa, na wako watakaokubali kama mwajiri wako ataandika barua. Ndiyo sababu nyingine ya kutotangulia mbele ya kibali.

### Kukagua chumba

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza nenda saa kumi na mbili asubuhi, ufungue bomba. Mji una maji ya bomba kutoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, lakini msukumo wa mtaa mmoja si wa mtaa mwingine, na asubuhi kila mtu anakinga. Kikitoka kijitone, uliza kama kuna simtanki (tangi la plastiki la maji), na nani hulijaza.

Angalia sehemu ya chini ya kuta. Huku pwani kuna kuta zinazotoka chumvi: rangi inavimba, inabambuka kama maganda, na ukipitisha kidole unaondoka na unga mweupe. Chumba kilichopakwa rangi wiki hiyohiyo kitilie shaka. Nusa, na ukisogeze kitanda au kabati lililoegemezwa ukutani. Nguo zako zitaota ukungu msimu wa masika, Machi hadi Mei, na hakuna fundi atakayeutibu ukuta ule kwa rangi.

Tazama dari kama lina madoa ya maji. Tazama nyavu za madirisha. Tundu la kupita kidole ni mlango wa mbu. Jua la mchana linapiga ukuta upi? Chumba kinachotazama magharibi hakilaliki Januari.

Mara ya pili nenda usiku. Hapo utajua kama jirani ana baa, kama geti hufungwa saa nne na ufunguo uko kwa nani, na kama njia ina taa.

### Umeme

Nyumba nyingi za vyumba vya kupanga zina mita moja ya LUKU (umeme unaolipiwa kabla ya kutumia) kwa wote, na hapo ndipo ugomvi wa uani unapozaliwa. Mwenye friji na mwenye balbu moja wanachanga sawa, hadi siku mwenye balbu anapochoka. Usiingie kabla hujauliza hivi:

— Shikamoo mama. Mita ni ya chumba au ya nyumba nzima?
— Marahaba mwanangu. Ya nyumba. Tunachangishana.
— Na anayetumia pasi au jiko la umeme?
— Huyo anaongeza. Tulishakubaliana.

Jibu la "tulishakubaliana" ni zuri. Jibu la "mtaelewana tu" lina matatizo ndani yake. Ukipata mita yako mwenyewe, andika namba yake, nunua umeme wa pesa kidogo, ingiza tarakimu 20 za tokeni uone kama yuniti zinaingia. Ujue pia kwamba kodi ya majengo hukatwa humohumo kwenye LUKU tangu 2021. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane mapema ataifidia vipi.

### Mkataba

Uandikwe, hata uwe wa ukurasa mmoja: majina, kiasi, miezi, notisi ya kuhama, nani anatengeneza kinachoharibika. Piga picha kila ukuta, kila kioo na kila bomba siku ya kuingia, ukiwa na mwenye nyumba au mtu wake. Ukishapewa ufunguo, funga kufuli lako juu ya lile ulilolikuta.

Umefaulu ukiwa na vitu vitatu kwenye bahasha moja: mkataba wenye sahihi mbili, risiti, na namba ya simu ya mwenye nyumba mwenyewe, si ya dalali.

## Hatua ya 6: Jitambulishe mtaani

Wageni wengi huiruka hatua hii wakidhani ni heshima tu. Ni heshima, na pia ni karatasi. Ndani ya siku chache za kuhamia, mwombe mwenye nyumba akupeleke kwa mjumbe (kiongozi wa nyumba chache za jirani), kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Beba pasipoti, kibali na mkataba wa nyumba. Utaandikwa kwenye daftari la wakazi. Siku ukihitaji barua ya utambulisho, iwe ya benki au ya polisi baada ya kuibiwa, atakayeiandika ni mwenyekiti au mtendaji anayekujua sura. Asiyekujua atakuuliza ulikuwa wapi miezi yote hiyo.

Na salamu. Waliozoea "niaje" ya Nairobi watapata shida hapa wasipobadilika. Mkubwa huamkiwa shikamoo, na ukiwakuta wazee barazani hupiti kimya, hata ukiwa umechelewa. Ukiingia uani kwa watu piga hodi na usubiri ukaribishwe. Mwezi wa Ramadhani usile barabarani mchana. Mikahawa mingi hufungwa hadi jioni, kwa hiyo panga chakula chako nyumbani. Mavazi ya ufukweni yaishie ufukweni.

Utajua umepokewa siku mtoto wa jirani atakapotumwa kukuletea sahani ya futari au kipande cha mkate wa kumimina. Sahani hiyo usiirudishe tupu.

## Hatua ya 7: Nunua baiskeli

Tanga ni tambarare na watu wake wanaendesha baiskeli kuliko miji mingi ya nchi hii. Kwa mkataba wa miezi sita, baiskeli iliyotumika hujilipa yenyewe kwa nauli, na ukiondoka unaiuza.

Nunua dukani au kwa fundi mwenye kibanda cha kudumu, na nenda na mwenyeji. Ipindue, zungusha magurudumu uone kama rimu inayumba. Bana breki, kisha isukume. Shika kanyagio ulitikise kwa ubavu. Likicheza, ekseli imekwisha na bei ishuke.

Onyo: namba iliyochongwa kwenye fremu iandikwe kwenye risiti, pamoja na jina na simu ya muuzaji. Baiskeli ya wizi ikikamatwa na wewe umeikalia, maelezo unatoa wewe. Kijana anayeuza baiskeli njiani kwa bei ya kutupa, mpite.

Daladala na bajaji zitabaki kwa siku za mvua na safari za usiku.

## Hatua ya 8: Maji, chakula na homa

Maji ya kunywa chemsha, au nunua ya chupa. Mboga, nazi na viungo utavipata Soko la Mgandini na Makorora. Machungwa mazuri ni ya Muheza. Samaki fuata soko la Deep Sea, zinapoingia ngalawa na mashua. Huko huuzwa kwa mnada, na mnadi anasoma hata kope, kwa hiyo usipunge mkono kumsalimia rafiki katikati ya mnada. Siku za mwanzo mtume mtu anayejua, au nunua kwa wachuuzi waliokwisha kununua.

Neti ni kila usiku, hata msimu wa kiangazi. Ukipata homa, usinunue dawa kwa kukisia. Nenda zahanati ukapimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya nusu saa. Ukikutwa nayo utapewa dawa ya mseto, na unaimaliza yote hata ukijisikia nafuu siku ya pili. Kwa makubwa zaidi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Namba ya dharura ya polisi ni 112, ya zimamoto ni 114.

## Hatua ya 9: Soma hati yako ya mshahara

Hapa wengi hushtuka bure, au hupunjwa bila kujua. Mkazi wa kikodi hulipa kodi ya mshahara kwa viwango vinavyopanda, na mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi. Lakini aliyekaa nchini chini ya siku 183 katika mwaka, kwa kawaida huhesabiwa si mkazi, na mshahara wake hukatwa asilimia 15 moja kwa moja. Kwa hiyo ukiona makato yako hayafanani na ya mwenzako wa meza ya pili, huenda si wizi. Muulize mhasibu amekuweka kundi gani.

Mchango wa NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) kwa kawaida ni asilimia 20 ya mshahara, nusu yako na nusu ya mwajiri. Omba namba yako ya uanachama, na uhakikishe michango inaingia kweli. Kukatwa kwenye karatasi na kufika kwenye mfuko ni mambo mawili.

## Hatua ya 10: Mapumziko na kuondoka

Ukishapata Jumamosi ya kwanza isiyo na ofisi ya kwenda, anza na Mapango ya Amboni, karibu tu na jiji. Vaa viatu vya kushika, chukua tochi, na ingia na mwongozaji. Kisiwa cha Toten kinaonekana ukiwa ufukweni. Mashua patana kwenda na kurudi, na ulipe nusu ukirudi. Pangani ni safari ya siku moja. Lushoto ilalie, na ubebe sweta, kwani baridi yake hawaiamini watu wa pwani mpaka iwakute.

Ukitaka kuongeza muda, anza kushughulikia kibali miezi miwili au mitatu kabla hakijaisha. Uki­taka kuondoka, mpe mwenye nyumba notisi kwa maandishi, mzungushe chumba chote mkilinganisha na zile picha za siku ya kuingia, lipa deni la maji, na toa salio lote kwenye simu, kwa kuwa laini isiyotumika hufungwa. Muombe mwajiri barua ya utumishi na taarifa ya michango ya NSSF ukiwa bado Tanga. Kuzifuatilia kutoka ng'ambo ni kazi nyingine. Jirani mzee muage mchana, si alfajiri ukiwa na begi mgongoni. Na mpakani, mihuri ni miwili vilevile.